Tufundishwe Kuisoma Bahari, Si Kuikimbia Tu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Leo sikushika kalamu ili nitunge hadithi wala shairi. Nimeishika ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limekuwa likinikereketa maini tangu mwaka jana. Jambo lenyewe ni ile marufuku yetu ya kwenda ufukoni, pale Mto Sabaki unapoingia baharini.

Hakuna asiyeijua marufuku hiyo. Ilisomwa gwarideni siku ya kwanza ya muhula wa pili: mwanafunzi yeyote atakayeonekana ufukoni na sare ya shule atarudishwa nyumbani amlete mzazi. Sababu yake pia mnaijua. Likizo ya Aprili, mtoto mmoja alikaribia kufa maji akiwa na wavulana wawili wa shule hii. Wengi wenu mliisikia habari hiyo njiani, kila mtu akiongeza chumvi yake. Mimi sikuisikia. Niliiona kwa macho yangu, kwa kuwa mtoto mwenyewe ni mdogo wangu, toka nitoke.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Jua lilikuwa likiwaka, mbingu haina hata wingu moja, na kwetu mvua haikuwa imenyesha karibu juma zima. Tukasema, leo siku njema. Wavulana walikuwa na ubao waliong'oa kwenye mlango mbovu. Waliulalia kifudifudi, na wimbi likija likawasukuma hadi mchangani huku wakipiga vigelegele. Mimi nilikaa nikilinda nguo zao. Kwani kazi ya msichana ufukoni ni ipi tena? Ni kulinda nguo.

Walicheza vizuri tangu saa tisa. Ilipokaribia saa kumi na moja maji yalikuwa yameacha kupanda. Baada ya muda kidogo mdogo wangu akaona mahali pasipo na mawimbi. Upande huu mawimbi yanapasuka, upande ule yanapasuka, na katikati shwari kama maji ya karai. Akaona hapo ndipo pa kupumzikia, akaingia. Kufumba na kufumbua nikaona kichwa chake kinakuwa kidogo. Hakuwa akiogelea kwenda mbali, alikuwa akipelekwa! Akageuka kutazama pwani na kuanza kupiga maji kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyopiga ndivyo alivyozidi kwenda. Wenzake walipigwa na butwaa. Mimi sijui kuogelea. Sikuwa na la kufanya ila kupiga mayowe, nikayapiga hadi sauti ikakauka.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu akitengeneza nyavu zake. Sisi humwita babu ingawa si babu wa kunizaa. Alishika mtungi mtupu wa plastiki, ule wa lita ishirini, akakaza mfuniko na kutoka mbio. La ajabu ni kwamba hakukimbia kuelekea kwa mtoto. Alikimbia kandokando ya maji kuelekea upande wa Mambrui, akaingia hadi kifuani juu ya fungu la mchanga, huku akipaza sauti, "Usishindane na maji! Geuka Mambrui! Geuka Mambrui!" Sijui mdogo wangu alisikiaje, lakini alisikia. Akaacha kupigania pwani, akaogelea ubavuni. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, mawimbi yakaanza kumrudisha, babu akamsukumia mtungi, akaukumbatia. Alitoka akitapika maji ya matope. Mama alimkumbatia kwanza, kisha ndipo akamchapa.

Kesho yake tulikwenda kwa babu na kilo mbili za sukari kumpa shukrani. Nikamwuliza, "Babu, ulijuaje mahali pa kwenda?"

Akanitazama, akasema, "Maji yalikuwa yakisema tangu asubuhi, mjukuu wangu. Nyinyi tu ndio hamkusikiliza."

Nilikaa naye hadi adhuhuri, naye akanieleza mambo manne. Nimekwenda kuyalinganisha na vitabu vyetu vya Jiografia na nimeona yanakubaliana. Hebu niwaeleze kwa ufupi, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

La kwanza ni mto. Sabaki haianzii kwetu. Huanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukakutana na mto Tsavo, ukaitwa Galana, na mwisho unatufikia sisi kwa jina la Sabaki. Kwa hivyo mvua ikinyesha Machakos na Makueni, sisi hupata habari siku chache baadaye, hata kama kwetu jua lawaka. Siku ile maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, na juu yake vilielea vijiti na manyasi. Sisi tulitazama mbingu tukasema siku njema, babu akatazama vijiti akajua mto umejaa. Tena maji ya matope huficha kina. Unaingia ukidhani ni ya magotini, kumbe ni ya shingoni. Sijataja mamba na viboko, ambao mtoni humo wamo.

La pili ni mwezi. Siku ile mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Hizo ni siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita tatu na zaidi. Wakati huo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, au yakachelewa kidogo, na kila siku yanasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Yakishajaa yana takriban saa sita tu za kutoka. Sasa fikiria: maji ya bahari yaliyosukumwa ndani ya mto yanataka kutoka, na maji ya mafuriko kutoka bara nayo yanataka kutoka, na mlango ni mmoja! Mdogo wangu aliingia maji yalipoanza kugeuka. Lau angeingia siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, vuta lile lisingekuwa na nguvu kiasi hicho.

La tatu ni upepo. Kaskazi huvuma kwetu tangu mwezi wa Desemba hivi hadi Machi, na bahari huwa tulivu zaidi. Halafu huja maleleji, upepo ukawa haujui wendako, kisha kusi ikaanza mnamo Aprili na kupata nguvu zake zote kati ya Juni na Agosti. Kusi hutoka mbali, ikiyasukuma mawimbi safari ndefu. Sasa, sehemu nyingi za pwani yetu zina mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi hayo kabla hayajafika ufukoni. Nenda Watamu, au hapo kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968, utaona povu jeupe mbali kule, na huku karibu maji yametulia. Lakini matumbawe hayapendi maji baridi ya mto wala matope. Kwa sababu hiyo, kwenye mlango wa Sabaki hakuna mwamba. Wimbi linakuja zima zima, na likikutana na maji yanayotoka mtoni linasimama wima na kuanguka ghafla. Ndiyo sababu mawimbi ya pale ni matamu kuyapanda, na ndiyo sababu ni ya hatari.

La nne ni mchanga. Mafungu ya mchanga ya pale hayakai mahali pamoja. Mafuriko yakija yanaondoa fungu hapa na kuliweka pale. Wimbi hupasuka penye maji machache, juu ya fungu. Pasipopasuka wimbi ni penye kina, na maji yote yaliyoletwa na mawimbi hurudi baharini kwa kupitia hapo hapo. Kwa hiyo, wenzangu, shikeni neno hili hata mkisahau mengine yote: mahali panapoonekana shwari katikati ya mawimbi ndipo penye mkondo. Ukichukuliwa, usishindane nao. Hata muogeleaji hodari huchoka. Nenda ubavuni, sambamba na pwani, mpaka utoke ndani yake, ndipo mawimbi yakurudishe.

Hayo ndiyo mambo manne. Hayahitaji mashine wala digrii. Nilipoyasikia nililia, si kwa sababu ni magumu, bali kwa sababu ni mepesi mno. Nimeishi karibu na bahari hii miaka kumi na sita na hakuna aliyeniambia hata moja.

Sasa turudi kwenye marufuku yetu. Mimi siwalaumu walimu. Mwalimu anayekabidhiwa mtoto wa mwenzake ana haki ya kuogopa. Wengine wametoka bara na hawajawahi kuikaribia bahari kabla ya kuletwa kazini hapa. Lakini naomba tuulizane ukweli: je, marufuku imefanya kazi? Mimi na wewe tunajua jibu. Sisi ni shule ya kutwa. Kengele ya saa kumi ikilia, hakuna bweni la kutufungia. Wavulana hufika kwenye minazi, huvua sare, huitia mkobani, na safari inaendelea. Tena zamani walikuwa wakicheza mahali ambapo wavuvi na akina mama wauza samaki wanawaona. Leo wanasogea kando zaidi, karibu na mlango wa mto wenyewe, ili mtu asiwatambue akaenda kuwasemea. Yaani marufuku haikuwatoa majini. Imewatoa machoni pa watu. Mdogo wangu angeingia majini mahali kama hapo, babu asingekuwapo, nami leo ningekuwa naandika tanzia.

Lipo jambo jingine linalonihuzunisha kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Katika mashindano yetu ya msamiati tulipewa neno "bamvua". Nikainua mkono nikajibu vyema: "maji kujaa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu". Nikapigiwa makofi, nikapata daftari. Majuma machache baadaye nilikaa ufukoni siku ya bamvua yenyewe, nikilinda nguo, na sikujua kwamba ndiyo ile! Neno nilikuwa nalo kichwani, na kitu chenyewe kilikuwa miguuni pangu kikimchukua ndugu yangu. Ni elimu gani hii? Tunakariri kwamba umande ni unyevu wa asubuhi juu ya nyasi, lakini wavuvi wetu huuita umande pia ule upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, unaowatoa baharini. Tunajifunza mawimbi darasani kwa Kiingereza, tunachora mishale, tunapata alama. Wanaojua mambo hayo kwa Kiswahili, tena kwa kuyaishi, wako nusu saa kutoka hapa kwa miguu, na hakuna siku tuliyowaalika.

Somo la Historia nalo linatuonya. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapa hapa, akafuata majira ya kusi, akafika Calicut kule Bara Hindi tarehe 20 Mei. Hata mwezi haukutimia. Wakati wa kurudi hakungoja majira ya upepo. Aling'oa nanga mapema Oktoba, akafika Malindi Januari 1499, miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa njiani kwa maradhi. Bahari ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza aliwasikiliza wenye kuijua, na mara ya pili alikwenda kwa haraka zake. Kila siku tunaitazama nguzo yake pale Malindi, lakini funzo lake hatulitazami.

Najua mtanipinga. Wapo watakaosema, "Ukimfundisha mtoto habari za mawimbi, utamtia hamu ya kwenda." Mimi nasema hamu anayo tayari, alizaliwa nayo. Asicho nacho ni hofu yenye maarifa. Mdogo wangu siku hizi huwezi kumwambia aingie maji mekundu hata kwa pesa. Hilo halikutoka kwenye kiboko cha mama. Limetoka kwa kujua nini kilimvuta. Tazameni pia wageni wanaokuja upande wa Mambrui na mbao zao na matiara makubwa ya kuvutwa na upepo. Mtu mzima, mwenye nguvu zake na vifaa vya bei, lakini haingii kabla ya kuuliza upepo unatoka wapi na maji yanajaa au yanapwa. Yeye mgeni anauliza, na sisi wenyeji tunaingia kichwa kichwa!

Wengine watasema, "Sisi twakaa mjini, mlango wa mto watuhusu nini?" Unakuhusu, ndugu yangu. Kaskazi ikivuma matope ya Sabaki huteremka kusini hadi ghuba ya Malindi, na ile bahari unayoiona mjini ikiwa na rangi ya udongo ni huo huo mto umekuja kukutembelea. Na wengine watasema, "Habari za hali ya hewa zinatangazwa redioni." Ni kweli, nazo tuzisikilize. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa huku kwetu pia, na watu wakatega masikio. Lakini siku aliyochukuliwa mdogo wangu hakukuwa na kimbunga. Ilikuwa siku ya kawaida, yenye jua, na redio haikuwa na la kutangaza. Siku kama hizo ndizo nyingi.

Basi nini kifanyike? Nisije nikaambiwa nimelalamika tu bila kupendekeza.

Kwanza, marufuku ibaki kwa mlango wa mto penyewe, hasa mto ukifurika na maji yakipwa. Hapo siombi huruma. Ila wanafunzi waambiwe sababu, maana amri isiyo na sababu hutiiwa mbele ya mwalimu tu.

Pili, kuwe na ubao mdogo karibu na ofisi ya mwalimu wa zamu. Kila asubuhi mwanachama mmoja wa Chama cha Kiswahili aandike maneno machache: leo mwezi tarehe ngapi, maji yatajaa na kupwa saa ngapi, upepo gani unavuma, na Sabaki ina rangi gani. Wanaovuka daraja la Sabaki kuja shule ni wengi, wataleta habari ya rangi. Chaki tunayo. Mimi najitolea juma la kwanza.

Tatu, tuwaalike wavuvi wazee waje watuzungumzie, au twende nao ufukoni pamoja na walimu wakati maji yamekupwa, watuonyeshe mafungu na mikondo kwa kidole. Naahidi kwamba tutarudi na msamiati kuliko kamusi.

Nne, tufundishwe kuogelea, si pale mtoni, bali mahali palipokingwa na mwamba, siku za maji mafu, asubuhi. Na wasichana tusiachwe. Tuvae mavazi yetu ya heshima na tusimamiwe na walimu wa kike, lakini tufundishwe. Sitaki tena kulinda nguo za mtu ambaye siwezi kumwokoa.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Sisi maji haya tunayafika kila siku na kina chake bado hatukijui. Marufuku imeandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikiingia majini hulowa. Aliyoniambia babu hayalowi. Walimu wetu, tunawaomba mtupe ya kwenda nayo, kwa kuwa kwenda tutakwenda.

Natia nanga hapa. Wenye maoni tofauti na waandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa heshima. Ila kabla hujachukua kalamu kunipinga, nenda kwanza ukasimame pale mchangani jioni moja, mbali na maji, utazame mawimbi yanapopasuka, kisha utafute mahali yasipopasuka. Ukishapaona, utanielewa.